Historia si Kimbilio: Namna ya Kuchagua Tahasusi ya Sanaa Baada ya Kidato cha Nne

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, nyumbani huulizwa maswali mawili: umepata divisheni ngapi, na sasa utasoma nini? La kwanza limeshajibiwa na Baraza la Mitihani. La pili ni lako, na vijana wengi hulijibu kwa kukata: hesabu zilinishinda, fizikia niliiacha kidato cha tatu, basi nimebaki na HGL. Mwongozo huu umeandikwa ili usiingie kidato cha tano kwa njia hiyo ya kubaki.

Historia, Jiografia, Uchumi, Kiswahili na Kiingereza si masomo ya waliokosa pa kwenda. Yanamtaka mtu anayesoma sana, anayeandika kwa mpango na anayeweza kutetea hoja kwa ushahidi. Ukiyachagua kwa kuyajua, yatakulipa. Ukiyakimbilia tu, haitachukua muda utaona umeangukia kazi nzito kuliko ile uliyoikimbia.

Maelezo haya yanamhusu mwanafunzi wa Tanzania anayejiandaa kuingia kidato cha tano, na mwenzake wa kidato cha tatu au cha nne ambaye bado ana muda wa kurekebisha mambo. Mzazi au mlezi naye ana sehemu yake mbele.

KWA NINI UAMUZI HUU NI MZITO

Kuna sababu tatu za kukaa chini na kufikiri kabla ya kujaza chochote.

Kwanza, tahasusi hufungua milango na hufunga mingine. Ili udahiliwe shahada ya kwanza ukitokea kidato cha sita, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kwa kawaida hutaka ufaulu mkuu, yaani alama A hadi E, katika masomo mawili, na jumla ya pointi za masomo hayo isipungue 4.0. Katika hesabu hiyo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. D mbili zinatosha, na C moja na E moja zinatosha. D moja na E moja hazitoshi, kwa sababu ni pointi 3 tu. Tena hicho ni kiwango cha chini. Kila programu hutaja masomo inayoyatambua, na nyingine hudai alama za juu zaidi au ufaulu fulani wa Hisabati ya kidato cha nne.

Pili, ni miaka miwili tu, na hupita haraka. Kidato cha tano huanza katikati ya mwaka, na mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei. Anayebadili tahasusi baada ya muhula kuanza huwakuta wenzake wameshasonga mbele, huazima madesa, na hukimbizana na mada ambazo hakufundishwa. Kubadili kunawezekana, lakini kuna gharama yake.

Tatu, utaishi na masomo hayo kila siku. Mwanafunzi wa Historia husoma kurasa nyingi na kuandika insha nyingi. Wa Jiografia huchora, hupima na kukokotoa. Wa fasihi husoma riwaya, tamthilia na mashairi, kisha hueleza kwa nini mwandishi ametumia mbinu fulani. Jiulize ni kazi ipi unaweza kuifanya hata siku ambayo huna hamu.

ZIJUE TAHASUSI ZENYE HISTORIA

Hizi nne ndizo zilizozoeleka zaidi:

- HGL: Historia, Jiografia na Kiingereza. Inamfaa anayesoma na kuandika Kiingereza bila kuhangaika. Wengi wanaolenga sheria, uandishi wa habari, uhusiano wa kimataifa na ualimu huanzia hapa.
- HKL: Historia, Kiswahili na Kiingereza. Ina masomo mawili ya lugha, na yote mawili yana fasihi ndani yake. Inawafaa wanaolenga ualimu wa lugha, tafsiri na ukalimani, uhariri, utangazaji na sheria.
- HGK: Historia, Jiografia na Kiswahili. Inamfaa anayependa mazingira na jamii na ana msingi imara wa Kiswahili. Hutumiwa sana na wanaolenga ualimu, maendeleo ya jamii na utawala.
- HGE: Historia, Jiografia na Uchumi. Inamfaa anayetaka kuunganisha jamii na fedha: mipango, maendeleo, uchumi, utawala wa umma. Hii haikuepushi na hesabu.

Mwaka 2024 Serikali iliongeza tahasusi mpya nyingi, zikiwemo zinazounganisha masomo haya na lugha za kigeni. Usiishie kwenye zile alizosoma kaka au dada yako. Soma orodha nzima ya mwaka wako, kisha uhakikishe kwamba shule unayoitaka inaifundisha kweli hiyo unayoipenda.

ANGALIZO: Lugha ya kufundishia. Wapo wanaochagua HGK ili kukikwepa Kiingereza. Mkakati huo hauwasaidii. Katika tahasusi hiyo ni somo la Kiswahili tu linalojibiwa kwa Kiswahili. Insha za Historia na maswali ya Jiografia huandikwa kwa Kiingereza. Kama Kiingereza chako ni dhaifu, anza kukiimarisha sasa, kwa sababu kitakufuata katika kila tahasusi.

TUKIO MOJA, MASOMO MANNE

Njia nzuri ya kuelewa tofauti za masomo haya ni kuchukua tukio moja unalolijua na kuona kila somo linalifanyia nini. Tuchukue vita vya Maji Maji, vilivyoanza Julai 1905 katika vilima vya Wamatumbi na kuendelea hadi 1907.

Historia huuliza sababu, mwenendo na matokeo. Kwa nini watu wa Nandete waling'oa pamba? Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alikuwa na nafasi gani? Kwa nini jamii zilizokuwa hazina mtawala mmoja ziliweza kupigana upande mmoja? Huuliza pia tunajuaje. Ripoti za maofisa wa Kijerumani zinasema jambo moja, na wazee wa vijijini wanasema jingine. Mwaka 1968 chuo kikuu cha Dar es Salaam kiliwapeleka wanafunzi wake kukusanya masimulizi ya wazee kuhusu vita hivyo, na masimulizi hayo yakawa chanzo muhimu kwa wanahistoria. Kupima chanzo kimoja dhidi ya kingine ndiko kusoma Historia.

Jiografia huuliza mahali. Vilima vya Wamatumbi vimekaaje ukilinganisha na bonde la Rufiji? Udongo, mvua na umbali vilichangia nini katika kilimo cha pamba na katika mwendo wa majeshi? Utapewa ramani na utatakiwa kuisoma. Kwenye ramani ya mizani 1:50,000, sentimita 2 za karatasi ni kilomita 1 ya ardhi. Kama hesabu ya namna hiyo inakupa homa, jua kwamba kidato cha sita kina ndugu zake wengi: takwimu, upimaji wa ardhi, usomaji wa picha na utafiti.

Uchumi huuliza nani alipata na nani alilipa. Wakulima walilazimishwa kulima pamba katika mashamba ya pamoja kwa malipo duni. Muda waliotumia huko haukwenda kwenye mashamba yao ya chakula. Mwanafunzi wa Uchumi hujifunza kulieleza jambo hilo kwa dhana, kwa michoro na kwa namba.

Fasihi huuliza mwandishi amelijengaje tukio hilo upya. Ebrahim Hussein alichapisha tamthilia ya *Kinjeketile* mwaka 1969. Kinjeketile wa jukwaani si lazima afanane kila kitu na yule wa kwenye kumbukumbu za kihistoria, na hapo ndipo kazi ya mwanafunzi wa fasihi inapoanza: kwa nini mwandishi amemwumba hivyo, na anasema nini na wasomaji wa wakati wake?

Ukimaliza kusoma aya hizo nne, andika ni lipi kati ya maswali hayo lilikufanya utake kuendelea. Jibu hilo lina uzito kuliko ushauri wa marafiki kumi.

HATUA SABA ZA KUCHAGUA

Hatua ya 1: Andika alama zako zote kwenye karatasi moja

Usiangalie divisheni pekee. Andika kila somo na alama yake. Kuchaguliwa kidato cha tano kwenye shule za serikali huhitaji angalau masomo matatu yenye alama C au zaidi, bila kuhesabu masomo ya dini. Weka duara kwenye kila C, B na A. Kisha weka alama ya kuuliza kwenye masomo mawili: Kiingereza na Hisabati. Hata kama hutayasoma kama masomo ya tahasusi, vyuo vingi vitayaangalia.

Jiulize pia alama hiyo ilipatikanaje. C ya Historia iliyotokana na kukariri madesa wiki mbili kabla ya mtihani si sawa na C ya mtu aliyesoma kwa mpango akapata pepa ngumu. Wewe unaijua tofauti.

Hatua ya 2: Anzia mwisho, rudi mwanzo

Chagua kozi tatu za chuo zinazokuvutia. Usichague moja tu, kwa sababu hiyo moja unaweza kuikosa. Tafuta mwongozo wa udahili wa TCU wa mwaka wa karibuni, usome sifa za kila kozi, na ujaze jedwali hili kwenye daftari lako:

- Jina la kozi na chuo
- Masomo ya kidato cha sita yanayotambuliwa
- Alama za chini zinazotakiwa
- Masharti ya ziada ya kidato cha nne (hasa Hisabati na Kiingereza)
- Tahasusi zinazokidhi masharti hayo

Kozi tatu zikishajazwa, tazama ni tahasusi ipi imejitokeza mara nyingi. Hiyo ndiyo inayokuachia milango mingi wazi.

Mambo matatu ya kuzingatia hapa:

- Anayetaka ualimu wa sekondari anahitaji kufaulu vizuri masomo mawili atakayofundisha. HKL humpa nafasi ya kufundisha lugha mbili, au Historia na lugha moja. HGL humpa nafasi ya kuoanisha Historia, Jiografia na Kiingereza kwa namna mbalimbali.
- Anayetaka sheria aangalie kwanza alama za Kiingereza na uwezo wake wa kusoma maandishi marefu. Ajue pia kwamba baada ya shahada kuna mafunzo ya uwakili kwa vitendo katika Shule ya Sheria Tanzania. Safari yake ni ndefu.
- Anayetaka uchumi, takwimu au mipango asome masharti ya Hisabati kwa makini sana. Wapo waliofaulu HGE vizuri wakakwama mlangoni kwa sababu ya F ya Hisabati ya kidato cha nne. Kama ndivyo ilivyo kwako, fikiria kurudia somo hilo kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Hatua ya 3: Jipime kwa wiki moja

Kabla hujasema "naipenda Historia", ifanye kazi yake kwa siku tano. Tafuta kitabu cha kidato cha tano, au azima kwa mwanafunzi aliye mbele yako.

1. Siku ya kwanza: soma kurasa nane za mada ambayo hujawahi kusoma, kwa mfano kukua kwa ubepari Ulaya. Funga kitabu. Andika mistari kumi ya ulichokielewa.
2. Siku ya pili: andika kwa mkono insha moja ya Historia kwa dakika 40, kwa Kiingereza, bila kutazama popote.
3. Siku ya tatu: chukua swali la ramani kutoka pepa ya zamani ya Jiografia, ulifanye lote.
4. Siku ya nne: soma hadithi fupi moja au shairi, kisha andika aya mbili kuhusu namna kazi hiyo ilivyojengwa. Usisimulie kilichotokea.
5. Siku ya tano: soma sura ya kwanza ya kitabu cha Uchumi na uchore mchoro mmoja wa mahitaji na ugavi kwa mkono wako.

Mpe mwalimu insha ya siku ya pili aisome. Usimwombe akusifu. Mwombe akuonyeshe sentensi tatu zenye matatizo.

Hatua ya 4: Jifunze insha nzuri inafananaje

Insha ndiyo chombo kikuu cha masomo haya, kwa hiyo tuitazame kwa karibu. Swali ni hili: kwa nini vita vya Maji Maji vilishindwa kuwaondoa Wajerumani?

*Jibu dhaifu:* "Walishindwa kwa sababu silaha zao zilikuwa duni, hawakuwa na umoja, na waliamini maji."

*Jibu lenye nguvu:* "Silaha duni pekee hazielezi kushindwa huko, kwani vita viliendelea hadi 1907. Kilichovunja nguvu ya wapiganaji zaidi ni njaa. Majeshi ya Kijerumani yalichoma vijiji, yakaharibu mazao na akiba ya chakula, na jamii zilizokosa chakula hazikuweza kuendelea kupigana."

Jibu la kwanza limeorodhesha. La pili limefanya mambo matatu: limetoa dai, limeleta ushahidi, limeonyesha jinsi ushahidi unavyobeba dai. Utakapokuwa kidato cha sita, kila aya yako itapimwa hivyo. Kama jibu la pili limekufanya useme "hata mimi naweza kujaribu hivyo", una dalili nzuri. Kama umeona ni maneno mengi bure, fikiria upya kabla ya kujaza Historia.

Hatua ya 5: Chunguza shule, usichunguze jina lake tu

Tahasusi ni ile ile, lakini shule hazilingani. Uliza wanafunzi wanaosoma pale au waliomaliza karibuni:

- Je, walimu wa masomo yote matatu wapo, na somo gani hukaa bila mwalimu?
- Maktaba ina vitabu vya kiada na ziada vya kidato cha tano na cha sita?
- Vitabu vya fasihi vilivyoteuliwa vinapatikana, au mwanafunzi hununua mwenyewe?
- Insha husahihishwa na kurudishwa, au hukusanywa tu?
- Matokeo ya kidato cha sita ya tahasusi hiyo yakoje? Baraza la Mitihani hutangaza matokeo kwa shule, kwa hiyo unaweza kuyatazama mwenyewe.

Swali la nne ndilo lenye uzito kuliko yote. Shule inayosahihisha insha kila wiki huwajenga wanafunzi wake hata kama majengo yake yamechakaa.

Hatua ya 6: Tengeneza mpango wa pili

Kidato cha tano ni njia mojawapo. Vyuo vya kati vinavyosimamiwa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi nchini, hutoa astashahada na stashahada katika maendeleo ya jamii, ustawi wa jamii, uandishi wa habari, utunzaji wa kumbukumbu, diplomasia, utalii na nyinginezo. Ngazi ya astashahada hupokea waliomaliza kidato cha nne, na mwenye stashahada yenye ufaulu mzuri anaweza kuendelea hadi shahada.

Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru mkoani Arusha, Taasisi ya Ustawi wa Jamii jijini Dar es Salaam na Chuo cha Utumishi wa Umma ni baadhi ya mahali pa kuanzia kuulizia. Andika kozi mbili za aina hii kwenye daftari lako, pamoja na sifa zake. Anayekwenda chuo cha kati kwa kujua anachokifuata yuko mbele ya anayekwenda kidato cha tano kwa kufuata mkumbo.

Hatua ya 7: Jaza, hakiki, hifadhi

Wahitimu huweza kubadili machaguo yao ya tahasusi na vyuo kupitia mfumo wa Selform ulio chini ya TAMISEMI, ndani ya muda unaotangazwa baada ya matokeo kutoka. Fuata utaratibu huu:

1. Soma tangazo rasmi la mwaka wako na uandike tarehe ya mwisho.
2. Andaa namba yako ya mtihani na karatasi yako ya machaguo kabla ya kuketi kwenye kompyuta.
3. Jaza mwenyewe. Ukisaidiwa kwenye kibanda cha intaneti, kaa mbele ya kioo cha kompyuta mpaka mwisho.
4. Panga machaguo kwa uzito wa kweli: unalolitaka zaidi liwe la kwanza. Usijaze chaguo lolote usilokuwa tayari kulisoma.
5. Hakiki herufi za kila tahasusi. HGK na HGL zinatofautiana kwa herufi moja tu.
6. Chapisha au piga picha ukurasa wa mwisho uuhifadhi.

ONYO: Nywila yako usimpe mtu, hata rafiki. Na yeyote anayekuambia umtumie pesa "akuingizie" tahasusi au shule unayoitaka ni tapeli.

MAKOSA YANAYORUDIWA KILA MWAKA

Kuchagua kwa kuwafuata marafiki. Mnaweza kujaza sawa na mkapangiwa shule za mikoa tofauti. Utabaki na masomo uliyochaguliwa na mtu ambaye hayupo.

Kudhani Uchumi ni Biashara ya kidato cha nne. Kwa wengi Uchumi huanza upya kidato cha tano, na wanafunzi wa HGE huongezewa pia hisabati ya msingi ya kidato cha tano na sita. Jiandae kwa namba.

Kusahau masomo ya ziada ya lazima. Zaidi ya masomo matatu ya tahasusi, kuna masomo ya lazima, na mtaala mpya umekuja na Historia ya Tanzania na Maadili, somo linalofundishwa kwa Kiswahili. Uliza shule yako masomo ya lazima ni yapi katika mwaka wako, kwa sababu mtaala umo katika mabadiliko.

Kutegemea madesa peke yake. Desa la mtu aliyefaulu linakupa vichwa vya hoja, halikupi uwezo wa kujibu swali lililogeuzwa. Soma kitabu kwanza, desa baadaye.

Kuliacha somo moja lianguke kwa matumaini ya mengine mawili. Kwa hesabu ya pointi tuliyoiona, mawili yanaweza kukuvusha. Lakini likiteleza moja kati ya hayo mawili, huna akiba. Isitoshe, kozi unayoitaka inaweza kuwa inalitambua lile uliloliacha.

Kuamini kwamba "sanaa haina ajira". Kuna ushindani mkali wa ajira katika fani nyingi, zikiwemo za sayansi. Kinachomtofautisha mhitimu wa masomo ya jamii ni anachoweza kufanya: kuandika ripoti inayoeleweka, kukusanya taarifa kwa watu, kusoma takwimu, kutafsiri, kusuluhisha. Ujuzi huo hujengwa kuanzia insha ya kwanza ya kidato cha tano. Mwenye cheti bila ujuzi huo ana sababu ya kuogopa, na mwenye ujuzi ana pa kuanzia.

KWA MZAZI NA MLEZI

Mtoto wako anahitaji mambo matatu kutoka kwako wiki hizi.

- Muulize kabla ya kumwambia. Swali "umesoma masharti ya kozi gani?" lina faida kuliko amri "utasoma sheria".
- Usimdharau kwa kutochagua sayansi. Kijana anayeambiwa kila siku kwamba amechukua masomo ya walioshindwa ataanza kuyasoma kama aliyeshindwa.
- Mweleze gharama za kweli. Nauli ya kwenda shule ya mbali, vitabu vya fasihi, michango na vifaa ni vitu vya kuzungumza mapema, kabla fomu ya kujiunga haijafika.

Kama hukusoma sekondari, usijitenge na mazungumzo haya. Mwambie akusomee jedwali la Hatua ya 2 kwa sauti na akueleze sababu za kila chaguo. Asipoweza kukueleza wewe, hajaelewa bado, na amerudishwa kazini na mtu sahihi.

KABLA NA MARA BAADA YA KUFUNGUA SHULE

Miezi kati ya matokeo na kufungua shule ni mtaji. Itumie hivi:

1. Pata muhtasari wa kila somo ujue mada zote za miaka miwili.
2. Soma kitabu kimoja cha Kiingereza kila wiki mbili, hata kiwe chepesi, na uandike ukurasa mmoja kukihusu.
3. Mtafute mzee anayekumbuka jambo la kihistoria la kwenu: operesheni ya vijiji, vita vya Kagera, kuanzishwa kwa shule ya kata. Mhoji, andika anachosema, kisha tafuta chanzo cha pili uone wapi vinakubaliana na wapi vinapingana. Hilo ni zoezi kamili la Historia.
4. Ukifika shuleni, unda kikundi cha watu watatu au wanne. Kila wiki kila mmoja aandike insha moja na mbadilishane kusahihisha kwa kipimo cha dai, ushahidi na uhusiano.

KARATASI YA MWISHO YA UKAGUZI

Weka alama ya vema mbele ya kila sentensi iliyo kweli:

☐ Nimeandika alama zangu zote, na najua nafasi yangu katika Kiingereza na Hisabati.
☐ Nimesoma masharti ya kozi tatu kwenye mwongozo wa TCU wa karibuni.
☐ Tahasusi ninayoichagua inakidhi angalau kozi mbili kati ya hizo.
☐ Nimefanya majaribio ya siku tano, na mwalimu amesoma insha yangu.
☐ Najua ni masomo gani ya tahasusi hii yatakuwa kwa Kiingereza.
☐ Nimeuliza habari za walimu, maktaba na usahihishaji katika shule ninazojaza.
☐ Nina kozi mbili za chuo cha kati kama mpango wa pili.
☐ Nimezungumza na mzazi au mlezi kuhusu gharama.
☐ Naweza kueleza kwa sentensi mbili kwa nini nimechagua tahasusi hii, bila kutaja somo nililolikimbia.

Sentensi nane za kwanza zikikosa moja au mbili, bado una muda wa kuzikamilisha kabla mfumo haujafungwa. Ya tisa ikikosekana, usijaze leo. Rudi Hatua ya 3, andika tena ile insha, na uipeleke kwa mwalimu kesho asubuhi.